Admini wa kundi la mtaa ameitwa ajieleze kwa klipu aliyotuma mwanachama. Hii ni haki?

#1 MwanaNgamiani

Wakuu, salaam.

Nina kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga mjini, watu 214. Tulilifungua kwa ajili ya misiba, maji yakikatika, na kukumbushana siku ya gari la taka. Siasa haikuwa lengo, lakini mtaa ni watu na watu wana midomo.

Wiki mbili zilizopita mwanachama mmoja katupia klipu ya sekunde kama 40. Mtu kasimama kando ya mtaro wetu, ule uliochimbwa kabla ya Ramadhani na mpaka leo haujafunikwa, anasema hela ya mifuniko "imeliwa" na anamtaja kiongozi kwa jina. Siku hiyo nilikuwa Pongwe msibani, simu imo kwenye mfuko wa kanzu, nimeizima. Klipu nimekuja kuiona saa nne usiku, imeshazunguka mpaka Makorora.

Kesho yake nikapigiwa: njoo ofisi fulani ujieleze. Nilikaa kwenye benchi la mbao tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Swali lilikuwa moja, wakalirudia kila mmoja kwa zamu: "Wewe ndiye admini, kwa nini hukufuta?" Habari ya mtaro haikuulizwa.

Hoja yangu ni hii. Admini si mhariri wa gazeti. Mgeni akitoa kauli mbaya barazani kwangu, atajibu aliyeitoa, si mwenye jamvi. Nisahihisheni kama nakosea, maana tangu siku ile usingizi sipati vizuri.

#2 BintiChumbageni

Pole sana kaka. Umeachiwa bila masharti? Na klipu ilikuwa nzima, au ilikatwakatwa? Hilo ni muhimu kuliko unavyodhani.

#3 KahawaChungu

Hapo ni kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Taarifa za uongo. Faini milioni 3, hakuna mjadala.

#4 WakiliMdogo

KahawaChungu, punguza kasi bwana. Sheria ya 2015, kifungu cha 16, adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hiyo 3 yako ni ya miaka.

Tena mnasahau maneno yaliyomo humo. Kinasema mtu achapishe taarifa *akijua* kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, na awe na *nia* ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Mambo mawili hayo, kujua na kukusudia, mwendesha mashtaka ndiye wa kuyathibitisha. Mtu aliyekuwa msibani na simu imezimwa alijua nini? Na alichapisha nini?

Ila nimwambie mleta uzi ukweli: sheria ilivyoandikwa ni kitu kimoja, na benchi ulilokalia ni kitu kingine. Saa sita zile hakuna hakimu aliyezitoa. Adhabu umeshaitumikia kabla ya kesi.

#5 MwanaNgamiani

Ahsante WakiliMdogo. BintiChumbageni, nimeachiwa, nimeambiwa "uwe makini". Klipu sijui kama ilikatwa. Inaanza katikati ya sentensi, hilo nakiri.

#6 MkongeMkavu

Mimi nitasimama upande usiopendwa. Neno linaua, ndugu zangu. Rwanda hatuhitaji kusimuliwa, wakimbizi wake tuliwapokea sisi. Ile redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo 1993, watu wakicheka, muziki mzuri, utani wa baa. Miezi michache mbele watu walewale wanatajwa majina na mahali walipo ili wakauawe. Desemba 2003, Arusha hapa hapa kwetu, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari. Hakuna aliyeambiwa kashika panga. Walishika kipaza sauti na kalamu.

Sasa mtu anayesema "acha kila kitu kiende tu, ni uhuru" huwa namuuliza: ungeiacha redio ile iendelee?

#7 MwanaNgamiani

Nisingeiacha hata saa moja. Lakini MkongeMkavu, pima kitu na kitu. Redio ile ilikuwa na wakubwa nyuma yake. Walioisemea ndio waliokuwa karibu na dola. Mimi nazungumzia mtaro. Mtoto wa jirani yangu ametumbukia humo mwezi wa nne, amevunjika mkono. Mtu akisema hela imeliwa na akakosea, si anaweza kujibiwa kwa risiti? Onyesha risiti, klipu inakufa siku hiyohiyo.

#8 ShangaziMakorora

Wanangu, nimesoma kimya, sasa niseme.

Wakati wa uchaguzi wa 2020 kuna mtu aliandika kwenye kundi la huku kwetu kwamba nyumbani kwangu kumefichwa makaratasi ya kura. Akaweka na picha ya geti langu, lile la bluu lililokwaruzwa na toroli. Vilikuwa ni viroba vya unga wa biashara yangu, alivipiga picha vikishushwa usiku kwenye bajaji. Saa mbili baadaye mawe yanapiga bati. Mjukuu wangu wa miaka sita alijificha chini ya kitanda mpaka asubuhi, na hadi leo ukishusha mzigo usiku anauliza "bibi, ni wale?"

Nilikwenda kushtaki. Nikaambiwa nilete ushahidi, nikapeleka picha ya ujumbe. Nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nimerudi mara nne. Aliyeandika namfahamu, tunakutana Mgandini sokoni, ananipa salamu.

Kwa hiyo mwanangu MwanaNgamiani, mimi naitaka sheria. Naitaka kweli. Admini wa kundi lile alikuwa macho, alikuwa anajibu kwa vidole gumba, hakufuta. Yeye naye si wa kuulizwa?

#9 BintiChumbageni

Shikamoo shangazi. Pole mno. Machozi yamenitoka hapo kwa mjukuu.

Nadhani wewe na mleta uzi hampingani kama inavyoonekana. Yeye aliitwa ndani ya saa 24 kwa sababu aliyetajwa ni mkubwa. Wewe ulizungushwa mara nne kwa sababu aliyetajwa ni muuza unga. Sheria moja, miguu miwili tofauti.

#10 MkongeMkavu

Alilosema shangazi na liwe pia jibu langu. Huo ndio mfano niliokuwa nautafuta. Tatizo ni utekelezaji, si sheria.

#11 WakiliMdogo

Hapana MkongeMkavu. Sheria ikiandikwa pana kiasi kwamba inamshika kila mtu, anayechagua wa kumshika ni mwenye nguvu. Upana huo ndio unaozaa utekelezaji unaoulalamikia.

Shangazi, shikamoo. Kwa lako hilo admini alikuwa anajua na alikuwa anashangilia. Kisheria hali hiyo ni nyingine kabisa na ya mleta uzi.

#12 DauLaDeepSea

Mimi nauza samaki pale Deep Sea. Mambo ya vifungu siyajui. Najua tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima nilikuwa na nguru kilo themanini kwenye barafu. Wateja wangu wa Muheza na Korogwe huagiza kwa WhatsApp, natuma picha ya samaki na mizani, wanachagua, napakia. Siku ile kimya. Siku ya pili kimya. Barafu nimenunua mara tatu. Siku ya nne nimeanza kuwakata ng'onda, na nguru huyo ni wa kula mbichi, ukimkausha umepata nusu ya bei au chini yake. Intaneti imerudi karibu siku tano baadaye, mimi mtaji umeondoka.

Sijaandika siasa hata siku moja maishani. Nimeadhibiwa kwa maneno ya nani?

#13 KahawaChungu

Pole DauLaDeepSea, lakini kuzima mtandao na kudhibiti maudhui ni vitu viwili. Tusichanganye.

#14 BintiChumbageni

Si viwili. Ni ngazi za jengo moja. 2020 siku za uchaguzi mitandao ilikuwa inakatikakatika, Twitter haifunguki. Mei 2025 X (ndiyo ileile Twitter) imefungwa, sababu iliyotolewa ni maudhui ya ngono, watu wakahamia VPN, zile programu za kupita kizuizi, wakati tangu Oktoba 2023 tulishatakiwa kutoa taarifa ya kutumia VPN. Oktoba 2025 imezimwa yote. Ulipofunguliwa, polisi wakatuma ujumbe wa simu kuonya watu wasisambaze picha za kuzua taharuki. Unaanza na neno moja baya, unaishia na nguru wa mtu kuoza.

#15 DauLaDeepSea

Hakuoza dada. Nilimuwahi. Lakini umeeleweka.

#16 MzeeWaPongwe

Vijana, jambo hili si geni, msidhani limekuja na simu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere mwenyewe alishtakiwa kwa maandishi. Aliandika kwenye jarida la chama, Sauti ya TANU, akiwatuhumu mabwana DC wawili kwa mambo waliyofanya wilayani kwao. Serikali ya Mwingereza ikamfikisha kortini kwa kashfa, akafungwa miezi sita.

Na hapa Tanga ndipo lilipotoka gazeti la kwanza la Kiswahili, Kiongozi, enzi za Mjerumani. Kwa hiyo mji huu umezaliwa na kalamu mkononi.

#17 MwanaMagila

Shikamoo mzee. Nisahihishe mawili kwa adabu.

Mwalimu hakufungwa. Hukumu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au miezi sita, na faini ililipwa. Watu walichanga. Wenyewe kina mzee wangu walisimulia kuwa wengine walikuwa tayari aende jela ili chama kipate jina, yeye akachagua kubaki nje na kazi.

La pili, Kiongozi lilitoka shule ya serikali hapa Tanga miaka ya mwanzo ya 1900 mpaka wakati wa vita. Msimulizi la wamisionari wa Kiungani, Unguja, lilianza 1888. Na kwetu Magila kulikuwa na Habari za Mwezi miaka ya 1890. Muheza tuliwatangulia watu wa mjini, mkubali tu.

Sasa swali langu kwako mzee: aliyoandika Mwalimu mwaka ule kuhusu wale DC, leo yangeandikwa kwenye kundi la mtaa, yangeitwaje?

#18 FundiSimuChuda

Hahaha Muheza na machungwa yao wanataka na magazeti.

Mimi nalileta jingine. Mnaongelea serikali tu, lakini mkasi mkubwa zaidi umeshikwa na kampuni za ng'ambo. Msimu uliopita niliandika kwenye ukurasa wangu kwamba "leo Wagosi wa Kaya wanachinja mtu Mkwakwani, njooni mshuhudie damu." Kila mtu wa Tanga anajua ni Coastal Union inacheza. Mtandao mmoja mkubwa ukanifungia siku 30, eti nahamasisha ukatili. Nimekata rufaa, jibu limekuja baada ya sekunde chache. Nani kasoma? Ni mashine, na mashine haijawahi kukaa jukwaani Mkwakwani.

Wakati huohuo kuna andiko la kuwatukana watu wa kabila fulani, limeandikwa kwa mafumbo, Kiswahili safi kabisa, halina neno "ua" wala "chinja". Nimeliripoti mara tatu. Lipo mpaka leo.

#19 MgosiWaKaya

Adhabu yako ilikuwa halali, siku ile tulichinjwa sisi.

#20 WakiliMdogo

FundiSimuChuda kagusa penye kidonda. Ujerumani 2017 walitunga sheria ya kutaka mitandao mikubwa iondoe maudhui yaliyo wazi kuwa ni kosa ndani ya saa 24, la sivyo faini hadi yuro milioni 50. Kukaonekana hatari moja: kampuni ikiogopa faini, inafuta na visivyo na kosa, maana kufuta hakuna gharama. Kanuni zetu za maudhui za 2018 zilitoa saa 12. Fikirieni admini wa mtaa mwenye saa 12 na kazi ya kibarua.

Upande wa pili, Facebook wenyewe 2018 walikubali kwamba Myanmar hawakufanya vya kutosha kuzuia jukwaa lao lisitumike kuchochea mgawanyiko na ghasia. Walikuwa na wasomaji wachache wa lugha ya pale. Kwa hiyo kutogusa kitu nako kuna makaburi yake. Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma nikifika hapa.

#21 MlumbiWaVibambani

Niruhusuni nichangie kwa njia ya kwetu:

Neno likitoka ndani, haliwezi kurudishwa,
Zamani ni barazani, mtu alisahihishwa,
Leo limo mkononi, na kwa mbali lapitishwa,
Nauliza mahakimu, nani wa kuwajibishwa?

#22 MwanaMagila

Mizani imekaa sawasawa. Mstari wa pili ndio uzi mzima. Barazani ukikosea, mzee wa kahawa anakukata palepale kabla kikombe hakijafika mdomoni, na wote waliokusikia ukisema wanakusikia ukisahihishwa. Klipu haina hilo. Walioiona klipu ya mtaro kule Makorora hawataiona risiti.

#23 MzeeWaPongwe

Marahaba MwanaMagila. Nimekubali la faini, kumbukumbu imeteleza. Swali lako ni zito, nitarudi.

#24 KijanaWaDuga

Wakuu, mnasahau upande wa leseni. Mimi 2017 nilikuwa na blogu. Niliandika mpira wa Tanga, na kila kikao cha baraza la madiwani niliingia na daftari nikaandika kilichosemwa, nani aliuliza nini, jibu likawa nini. Wasomaji wachache, lakini walikuwa wanangoja. Kanuni za Machi 2018 zikaja: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, milioni nyingine kila mwaka. Milioni 2.1 kuanza. Kaka yangu anaendesha bodaboda, mimi nilikuwa natumia kompyuta ya kuazima. Nikafunga. Adhabu ya kuandika bila leseni ilikuwa faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12, sikuthubutu.

Daftari ninalo bado. Kurasa za mwisho zina kikao ambacho sikuwahi kukiandika, na ndani yake kuna mjadala wa mitaro.

#25 KahawaChungu

Leseni hiyo si ipo mpaka leo?

#26 WakiliMdogo

Kanuni zilibadilishwa 2020, zikalegezwa 2022, na leseni ikabaki zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Lakini KijanaWaDuga alikuwa anatoa habari na matukio hasa. Kwa hiyo kulegezwa kwenyewe kumempita pembeni.

Halafu mjue kuna na hukumu za kuelekea upande mwingine, nazo zimetoka Arusha ileile ya MkongeMkavu. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kumfunga jela mwandishi wa Burkina Faso kwa kashfa kulikiuka uhuru wa maoni. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinapingana na Mkataba wa Jumuiya, vikiwemo vya uchochezi na kashfa ya jinai.

#27 MkongeMkavu

Sawa, Arusha ina sauti zaidi ya moja, nimepokea. Lakini Katiba yenyewe, Ibara ya 18 inatoa uhuru, Ibara ya 30 inauwekea mipaka. Hakuna anayeweza kusoma moja akaruka nyingine.

#28 BintiChumbageni

Ibara ya 18 inataja pia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Mtaro uliovunja mkono wa mtoto ni tukio muhimu. Nani katoa taarifa? Taarifa ikikosekana, uvumi unakaa kwenye kiti chake. Mnataka kuufukuza uvumi na kiti hamtaki kukijaza.

#29 Mgeni_Hale

Swali dogo. Nimesikia India mahakama zilishasema admini hahusiki. Kweli?

#30 WakiliMdogo

Kweli. Mahakama Kuu ya Bombay 2021 na ya Kerala 2022 zilisema admini habebi kosa la mwanachama kwa sababu tu ana uwezo wa kuongeza na kutoa watu. Labda wawe wamekula njama pamoja. Lakini hiyo ni India, hapa unaweza kuitaja mbele ya hakimu kama mfano, si kama amri.

#31 ShangaziMakorora

Mwanangu wakili, hiyo ya India inanipa shida. Yule admini wa vidole gumba hakula njama. Alikaa tu akafurahia mawe. Kwa sheria hiyo anapona.

#32 WakiliMdogo

Shangazi, huenda anapona jinai. Sina jibu zuri la kukupa, na sitaki kukudanganya.

#33 MwanaNgamiani

Niwape mrejesho.

Juzi niliamua kulifunga kundi, admini tu ndiye anayeandika. Nikasema potelea mbali, nilinde familia yangu. Watu 43 wakajitoa siku hiyohiyo. Waliobaki wananitumia ujumbe pembeni niwapelekee kundini, napitisha ninaoweza.

Usiku wa kuamkia jana mzee mmoja wa mtaa amezidiwa, mwanawe akanitumia ujumbe saa nane usiku niutupe kundini apatikane mwenye gari wa kumkimbiza hospitali ya Bombo. Nimelala, simu iko chaji sebuleni. Zamani angeandika mwenyewe na kuna vijana watatu wenye bajaji wasiolala. Nimeuona alfajiri nikienda kuswali. Kwa bahati walimpeleka kwa bodaboda, wamemshika katikati, yupo wodini.

Asubuhi nimelifungua tena. Mkono ulikuwa unatetemeka nilipobonyeza, nawaambia kweli. Ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa kumwombea mzee. Wa pili ulikuwa klipu nyingine ya mtaro.

#34 BintiChumbageni

Umeifuta?

#35 MwanaNgamiani

Nimeiangalia mara tatu. Safari hii haina jina la mtu. Kuna kijana kashika futi anapima upana wa mtaro, anasoma namba kwa sauti. Nimeiacha.

#36 KijanaWaDuga

Nitafute pembeni kaka. Nitakupigia picha zile kurasa za daftari.

#37 MwanaMagila

MzeeWaPongwe, swali la #17 bado linakusubiri.